WAP ni nini, na inafanyaje kazi kwenye majengo ya fleti?

Weatherization Assistance Program, kwa kifupi WAP, ni mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1976, baada ya bei ya mafuta kupaa, ili nyumba za watu wa kipato kidogo zisipoteze joto ovyo. Wizara ya Nishati huyapa majimbo fedha, nayo huzipeleka kwenye taasisi za mitaa zinazoleta mafundi.

Kwenye fleti, tatizo huanza kabla ya fundi. Boila, yaani mtambo wa kupasha jengo joto, ni ya mwenye jengo, bili mara nyingi ni ya mpangaji. Basi hakuna anayeona faida ya kuitengeneza. Ndiyo maana WAP humtaka mwenye jengo aridhie kwa maandishi na asipandishe kodi kwa kisingizio cha kazi hiyo. Kwa kawaida angalau asilimia 66 ya fleti ziwe na kaya zinazostahili; jengo la fleti mbili au nne, asilimia 50.

Kisha vipimo. Feni hufungwa mlangoni na kuvuta hewa nje hadi tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50, na moshi kidogo wa majaribio huonyesha hewa inakopenya. Katika ghorofa ndefu, hewa ya moto hupanda kupitia ngazi na shimo la lifti, hutokea juu, huku baridi ikivutwa chini. Basi mlango wa paa na matundu ya mabomba huzibwa kwanza. Madirisha mapya, ambayo kila mtu huyaomba, mara nyingi hukataliwa: kila kazi sharti irudishe gharama yake katika umri wake.

Majengo ya zamani ya New York yana shida ya peke yake: hupashwa joto kwa mvuke unaotoka kwenye boila na kupita mabombani hadi kwenye redieta, vyuma vinavyotoa joto chumbani. Vitoa hewa vya bomba kuu, vinavyoruhusu hewa itoke ili mvuke upite, vikiziba, mvuke huchelewa kufika fleti za mbali. Wapangaji wa huko hulalamika baridi, msimamizi huongeza moto, na walio karibu na boila hufungua madirisha katikati ya Januari. Kubadilisha boila hapo ni kupoteza pesa. Weka vitoa hewa vikubwa, funika mabomba kwa kihami joto, kisha weka valvu za kudhibiti joto kwenye redieta.

Kuziba kuna hatari. Jengo likibana mno, moshi wa boila hurudi ndani kupitia dohani, kwa hiyo kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, hupimwa kabla na baada ya kazi. Paa likivuja au kuta zikiwa na kuvu, kazi huahirishwa mpaka kasoro hiyo irekebishwe.