Filamu za safari za Afrika za miaka ya 1950: yasemwayo na yaliyo

Husemwa: filamu iliyosahauliwa ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Where No Vultures Fly ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Harry Watt kwa ajili ya studio ya Ealing ya Uingereza, ndiyo iliyochaguliwa kwa onyesho la kifalme jijini London mwaka huohuo. Leo wanaoijua ni wachache. The African Queen ni ya mwaka uleule, nayo ilikuwa na nyota wa Hollywood, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Majina makubwa ndiyo hubaki midomoni mwa watu.

Husemwa: Afrika ya filamu hizo yote ni ya studioni.

Zipo za namna hiyo, tena nyingi. Lakini Watt alipeleka kamera hadi Kenya, kisha akarudi Afrika Mashariki kwa West of Zanzibar (1954), kisa cha magendo ya pembe za ndovu. Hadithi hizo zinamtazama Mwafrika kwa jicho la mkoloni, na hilo silitetei. Ninachokifuata mimi kiko nyuma ya waigizaji: nyika na pwani yetu kama zilivyokuwa kabla ya uhuru, tena kwa rangi.

Husemwa: mkanda wa zamani lazima uwe umepauka.

Hapa ndipo wakusanyaji wengi wa mikanda ya filamu hukosea. Kopi za Technicolor, mfumo wa filamu za rangi, za miaka ile zilipigwa chapa, rangi moja juu ya nyingine, karibu kama kanga, na rangi hizo hudumu mno. Eastmancolor, mkanda wa rangi ulioingia sokoni mwaka 1950, rangi zake hutokea kwa kemikali ndani ya mkanda wenyewe. Katika kopi zake nyingi za zamani rangi nyingine zimefifia, ikabaki waridi tupu. Hivyo kopi ya 1952 yaweza kuishinda ya 1965 kwa uzuri. Ila usiliamini neno Technicolor lililoandikwa mwanzoni mwa filamu, kwani hunakiliwa hata kwenye kopi za aina nyingine. Inua kipande kwenye mwanga ujionee.

Husemwa: harufu ya siki kwenye mkanda ni ya uzee tu.

Hapana, mkanda wa asetati, aina ya plastiki, unaoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa mikanda iliyo jirani. Joto na unyevu, kama wa Mombasa au Dar es Salaam, huzidisha. Utenge mara moja, uuweke pakavu penye ubaridi, na usiuzibe kwenye chombo kisichopitisha hewa.