Je, Medicare Hulipa Kila Kitu?

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani: ukitimiza miaka 65, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kuu, hulipa kila kitu, kwa hiyo bima ya nyongeza ni hasara, uinunue ukishaugua.

Si kweli. Kwa huduma nyingi za daktari, ukishalipa kiasi cha awali cha mwaka, Medicare ya kawaida hulipa asilimia 80. Asilimia 20 ni yako, na haina kikomo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na Medigap, yaani hiyo bima ya nyongeza inayouzwa na kampuni binafsi.

Kinachoumiza zaidi ni ushauri wa kusubiri. Una miezi 6 tu, tangu uwe na miaka 65 na kujiunga na Sehemu B (sehemu ya Medicare inayolipia madaktari); katika miezi hiyo kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Ikishapita, katika majimbo mengi inaweza kukukataa au kukutoza zaidi.

Mkanganyiko unaeleweka: wenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au Medicare Advantage (mpango wa kampuni binafsi unaochukua nafasi ya Medicare ya kawaida) kwa kawaida hawahitaji Medigap, nao husimulia yao kwa nia njema.

Hakikisha katika kitabu rasmi cha Medicare cha kila mwaka, au kwa washauri wa bure wa jimbo lako. Mipango ya Medigap hutajwa kwa herufi, na katika majimbo mengi yenye herufi ileile ina mafao ya msingi yaleyale, kwa hiyo linganisha bei.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Huenda anayeusoma ana miaka 64 na anapanga sasa.