1,234,567 si namba tasa, jamani

Jana tena. Kijiwe cha kahawa, Ngamiani hapa Tanga, kashata iko mdomoni, kijana wa kidato cha nne ananisukumia simu usoni. "Shikamoo Mwalimu. Hii 1,234,567 ni tasa. Nimejaribu 2, 3, 5, 7 na 11, zote zimegoma."

Marahaba. Si tasa: mbali na 1 na yenyewe, iko namba nyingine inayoigawa bila kubakisha kitu.

Kwamba si shufwa, haiishii na 0 wala 5, na jumla ya tarakimu zake ni 28 kwa hiyo 3 haiingii, hayo ni ya shule ya msingi, tuyapite. Kinachoniudhi ni huko kusimama kwenye 11, utadhani namba tasa zimeishia hapo. Nani kawaambia? Mwisho wa kujaribu ni kipeuo cha pili cha namba yenyewe, hapa 1,111 na ushei, kwa sababu namba ikivunjika vipande viwili vya kuzidishana, haiwezekani vyote viwili vikazidi kipeuo hicho. Chini ya hapo kuna tasa 186. Yeye kajaribu tano! Hata angefika ya thelathini angetoka mikono mitupu. Ya thelathini na moja, 127, ndiyo inayoingia: 127 × 9,721.

Majaribio matano hutosha pale tu unapojua ni yapi. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa 641 inaigawa. Baadaye akathibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Tasa za namna hiyo zinaanza 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Lakini sharti hilo ni la namba ile. Ukilibeba kwenye 1,234,567 utapotea.

Halafu kuna jambo ambalo darasani nalipita haraka, nakiri. Mwaka 1876 mwanahisabati Lucas alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, si tasa, bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Vigawo alivitoa mwanahisabati Cole mwaka 1903: 193,707,721 × 761,838,257,287. Njia ya Lucas naifuata mstari kwa mstari, ila ukiniuliza kwa nini inafanya kazi, nitaagiza kahawa nyingine.

Kijana akanuna. "Sasa hiyo 9,721 nayo nianze upya?"

Hapana, mwanangu. Kipeuo chake hakifiki 99. Tasa zote za chini ya hapo zimeshagoma kwa 1,234,567, na kama mojawapo ingeigawa 9,721 ingeigawa na ile kubwa. Kwa hiyo 9,721 ni tasa, na hujagawanya hata mara moja zaidi. Akaanza kuandika kwenye kiganja.