Mtoto njiti: kifua cha mama kwanza, mashine kwa anayeihitaji

Ndugu wakija wodini kumuona mtoto njiti, wengi huanza kwa kuuliza kama mashine ya joto ipo. Nawaelewa. Ila mimi, kama muuguzi wa watoto wachanga, ningetamani waanze na jingine: je, mama amepewa nafasi ya kukaa na mwanawe usiku na mchana?

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto lake linatakiwa kuwa nyuzi 36.5 hadi 37.5, na hata kwenye joto letu la Lindi na Mtwara hupoa upesi akiachwa amelowa au chini ya feni. Akipoa, anatumia sukari na oksijeni nyingi kujipasha joto, anachoka kunyonya, na pumzi inaanza kukatika.

Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitalini ambako watoto walikuwa wengi kuliko mashine. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha anafungwa kwa khanga. Zamani tulisubiri kwanza atulie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulihusu watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya 1.8. Vifo vilipungua kwa robo pale kangaruu ilipoanzishwa mara tu baada ya kuzaliwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku.

Kwa hiyo kumlaza mama wodi nyingine na kumwita saa za kunyonyesha tu hakufai tena. Akiwa bado hoi baada ya upasuaji, baba au bibi ambebe mtoto. Hata rufaa ikitoka Liwale au Nanyumbu, mtoto aliyetulia asafiri kifuani; njia ni ndefu mno kwake kulala peke yake kwenye machela.

Hapa ndipo muuguzi wa zamu ya usiku anapopata nafuu. Mama aliyefundishwa kukamua maziwa, kunywesha kwa kikombe na kuangalia pumzi na rangi ya mtoto humwachia muuguzi muda wa kumhudumia aliye kwenye oksijeni au anayelishwa kwa mpira. Simaanishi mama atupiwe kazi yetu. Vipimo, dawa na uamuzi vinabaki kwetu.

Oksijeni nayo ni dawa, ina kipimo chake. Kwa njiti anayepewa oksijeni, kiwango kwenye damu kiwe asilimia 90 hadi 95. Ikizidi inaweza kumharibu macho, na huku mwingine anaikosa. Kuwalaza watoto wawili kitanda kimoja cha joto ni kuwafanya waambukizane. Tunawe mikono kabla ya kumgusa kila mtoto, glovu zisitufanye tusahau maji na sabuni.

Akiruhusiwa, kangaruu iendelee nyumbani mpaka mwenyewe aikatae kwa kujinyonganyonga. Akiacha kunyonya, akipata degedege, mbavu zikibonyea anapopumua, mwili ukiwa wa moto au baridi, viganja na nyayo zikigeuka manjano, arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, bila kungoja tarehe ya kliniki.