Kinshasa ikifunga saa 17, Lubumbashi ni saa 18

Mimi ni daktari wa kazi. Kila wiki napima wafanyakazi wa makampuni hapa Lubumbashi: macho, masikio, mapafu, presha. Zamani walionijia na uchovu walikuwa hasa watu wa zamu za usiku migodini. Siku hizi wengi wanatoka biro: wahasibu, wahandisi, watu wa forodha. Maneno yao yanafanana mno: "Docta, niko nalala, lakini siko napumzika."

Wanachoomba kwanza ni serum, yale maji ya mshipani, na vitamini. Mimi huanza na damu: malaria, upungufu wa damu, sukari, tezi la shingo. Kisha presha mara mbili, ya pili baada ya mtu kukaa kimya dakika tano. Uchovu una baba wengi, na ni aibu kumwambia mtu apunguze kazi kumbe ana kisukari. Vipimo vikirudi safi, ndipo maongezi yenyewe yanaanza.

Hali hiyo ina jina la kitaalamu, burnout, na jina hilo lina historia. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure New York, aliandika juu ya wenzake walioungua kwa kazi, na akaona kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Mwaka 2019 OMS, Shirika la Afya Duniani, iliitaja kwa dalili tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi mpaka mtu anaidharau, na anajiona hafai tena kwa kile alichokiweza jana. OMS yenyewe inaiita jambo la kazini, si ugonjwa. Nakubaliana nayo. Nikikupa vidonge na kukurudisha palepale ulipochokea, nitakuwa kama fundi anayejaza upepo tairi lenye msumari.

Code du travail yetu, yaani sheria ya kazi ya 2002, inaweka saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Mwaka 2021 OMS na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko yule wa saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iko juu kwa asilimia 17. Nikiwasomea wagonjwa namba hizo, karibu wote hujibu: "Mimi sifikishi 55." Ndiyo sababu siwaulizi tena. Nawapa daftari.

Ni daftari la shule la kawaida. Kwa siku saba unaandika kazi ilipoanza, ilipoishia, na katika safu ya tatu: nani ameomba? Nitawaonyesha la mhasibu mmoja, mama wa watoto watatu (nimebadilisha mambo machache asitambulike). Jumanne yake inasema: biro saa 7:30 hadi 17:30. Halafu umeme umerudi saa 21:40, amefungua kompyuta hadi 0:10. Tunajua wote ile hali: umeme ukirudi usiku nyumba nzima inaamka, huyu anapiga pasi, yule anachaji simu, na mhasibu anaona ni dhambi kuuacha bila kumalizia ripoti. Kwenye safu ya tatu hakuandika kitu. Jumatano vilevile. Kati ya jioni tano za wiki ile, tatu hakuna aliyemwomba chochote.

"Basi nani alikuwa ananisukuma?" akaniuliza. Nilimwambia tuangalie kwanza zile mbili zilizobaki, maana mwenye nazo alijulikana: shefu wake, Kinshasa. Kule saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Makao makuu yakifunga saa 17, hapa ni saa 18, na ujumbe wa "kabla sijatoka" unamkuta mwenzetu sahani ya bukari iko mbele yake. Anajibu. Akijibu, anaulizwa la pili. Hapo hakuna ubaya wa mtu. Kuna saa moja tu ambayo hakuna aliyeijadili. Alipomweleza shefu kwa utaratibu, jibu lilikuwa: "Kumbe huko tayari ni usiku?" Walikubaliana kwamba baada ya saa 18 ya Lubumbashi ujumbe unangoja asubuhi, na jambo la haraka linapigiwa simu. Kwa mwezi mzima simu ililia mara mbili.

Zile jioni tatu zilikuwa ngumu zaidi. Nilimwomba atenge robo saa ya mwisho bironi aandike mahali alipoishia na hatua ya kwanza ya kesho, kisha afunge. Kichwa kinachochunga kazi ambayo haijafungwa hakipumziki, hata kikiwa juu ya mto. Likizo, konje kama tunavyosema, haitibu hilo: nafuu yake huisha ndani ya wiki chache mtu akirudi kwenye mpangilio uleule.

Sitaki kudanganya. Kuna wanaofanya kazi ya pili jioni ili minerval, ada ya shule ya watoto, ilipwe, na kuwaambia "jifunze kukataa" ni maneno ya mtu aliyeshiba. Kwao natetea usingizi tu. Aliyeamka saa 5 alfajiri, ikifika saa 22 ametimiza saa 17 macho, na majaribio yameonyesha kwamba hapo mwili unaitika polepole kama wa mtu mwenye gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu. Nawaomba wasishike usukani kwenda Likasi saa ile.

Mimi mwenyewe nilikamatwa na muuguzi wangu. "Docta, unapimaka batu, nani anakupimaka weye?" Presha ilikuwa 150 kwa 95. Daftari langu la wiki ile lilionyesha saa 63. Nimeshuka hadi 50, wiki zingine 52. Makala hii nimeiandika Jumapili mchana, na mke wangu, aliyeisoma kwanza, amechukua daftari akaijaza ile safu ya tatu kwa mkono wake: hakuna.