Umeya wa New York, 1886: yanayosimuliwa na yaliyotokea

"Roosevelt nusura awe meya." Wapi! Theodore Roosevelt, kijana wa miaka 28, alishika mkia. Kura zilipohesabiwa Novemba 2, Abram Hewitt wa Democratic alikuwa na 90,552, Henry George wa chama cha wafanyakazi 68,110, na Roosevelt wa Republican 60,435. Kwa vile baadaye alikuja kuwa rais, uchaguzi huu husimuliwa kana kwamba ulikuwa wake. Aliyewanyima matajiri usingizi ni George.

"George alitaka kuwapora watu ardhi." Hewitt aliwatisha wapiga kura kwa maneno ya namna hiyo, na chembe ya ukweli imo: George aliamini ardhi ni ya wote. Lakini njia yake ilikuwa kodi. Nyumba uliyoijenga ni yako, usitozwe kitu. Kiwanja kilichopanda thamani kwa sababu mji umekua, serikali ichukue faida hiyo.

"Kura ilikuwa siri." Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa kuwa tumezoea karatasi moja ya serikali yenye wagombea wote. New York ya 1886 haikuwa nayo. Kila chama kilichapisha karatasi zake, zenye majina ya watu wake tu, na mawakala wakazigawa vituoni. Unaipokea karatasi mbele ya watu, unaitumbukiza sandukuni mbele ya watu. Bosi wako akitaka kujua umemchagua nani, hahitaji kukuuliza. Chama kichanga kililazimika kutafuta fedha za uchapaji na mtu wa kusimama kila kituo, la sivyo anayekipenda hakuti karatasi ya kupigia. Sheria ya jimbo ilianza kurekebishwa 1890.

"George aliibiwa." Wafuasi wake walishikilia hivyo, na kwa sifa za Tammany Hall, genge lililoendesha siasa za Democratic mjini, siwalaumu kwa kushuku. Ila wizi wa kufuta pengo la kura 22,442 haujawahi kuthibitishwa.

"Hewitt alikuwa kibaraka wa Tammany." Walimsimamisha kwa sababu walihitaji jina safi la kumzuia George. Alipokaa ofisini akawagomea, na 1888 wakamweka Hugh Grant, aliyemwangusha.

Na wanaohesabu Brooklyn katika kura hizo wakumbuke kwamba ulikuwa mji mwingine, wenye meya wake, hadi 1898.