Sanaa na Sayansi: maana yake kwa waigizaji wa zama za kati

Ukisikia kuna watu wanaoigiza maisha ya zama za kati, picha inayokujia ni ya wanaume waliojifunga mabati wakitwangana kwa panga za henzerani. Wapo kweli, na hawana masihara. Lakini nyuma ya uwanja wa vita, chini ya mahema, wamekaa wengine wanaoshona, wanaofuma, wanaopika, wanaochonga viatu na wanaochemsha wino. Kazi zao hizo zote, katika chama cha Society for Creative Anachronism, au SCA, zina jina moja: Sanaa na Sayansi.

Jina linapotosha kidogo, maana humo si lazima kuwe na maabara wala jukwaa. Bia ni sanaa na sayansi. Mshono wa kanzu ni sanaa na sayansi. Kwa ufupi, ni kazi yoyote iliyofanywa na watu wa kabla ya karne ya 17, ambayo wewe wa leo unajifunza kuifanya kwa njia yao kadiri unavyoweza, kisha ukaeleza umejuaje kuwa ndivyo walivyofanya.

Hapo kwenye “umejuaje” ndipo penye uzito. Bibi anayetarizi kofia Zanzibar haulizwi ushahidi. Alifundishwa na aliyefundishwa, na mkono wake ndio ushahidi. Waigizaji hawa, aghalabu, hawana bibi huyo. Chama chao chenyewe kilianza 1 Mei 1966 kwa sherehe uani kwa Diana Paxson, huko Berkeley, California, yaani mbali na Ulaya wanayoiigiza na karne nyingi baada yake. Mnyororo wa kufundishana umekatika, na wao wanauunga kwa kutazama vilivyofukuliwa, vilivyochorwa na vilivyoandikwa.

Chukua ufumaji wa kadi, yaani kufuma utepe kwa vibao vidogo vyenye matundu ya kupitishia nyuzi. Mwaka 1904 wanaakiolojia walianza kufukua jahazi lililozikwa Oseberg, Norwei, pamoja na wanawake wawili, mwaka 834. Miongoni mwa vitu vilivyokuwamo ni vibao 52 vidogo, bado vimetungwa nyuzi, na utepe ambao haujamalizika. Mfumaji aliuacha njiani. Kwa anayetaka kujifunza, kazi iliyoachwa katikati ina faida kuliko iliyokamilika, kwa sababu inaonyesha nyuzi zilivyopita.

Ukitaka kujaribu, huhitaji kitanda cha mfumi. Kata karata za kuchezea ziwe mraba, toboa tundu kila pembe, na kila tundu lipitishe uzi wake. Kadi kumi, nyuzi arobaini: huo ndio mtande. Funga ncha moja kwenye nguzo na nyingine kiunoni mwako, kisha jivute nyuma mpaka nyuzi zikaze. Kadi zikisimama pamoja, nyuzi mbili za kila kadi zinakaa juu na mbili chini, katikati pana uwazi. Pitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, ugonge kwa kibao chembamba, zungusha kadi zote robo mzunguko, pitisha tena. Ua linaanza kujitokeza lenyewe kutokana na rangi ulizopanga. Kadi moja ikisahaulika nyuma wakati wa kuzungusha, ua linapinda hapo hapo, na anayeliona kosa kwanza si wewe bali aliyekaa pembeni. Tena, kila ukizungusha, nyuzi za upande wa pili wa kadi zinajisokota, mpaka zinakataa. Hapo unazungusha kinyumenyume, na ua nalo linageuka.

Sasa peleka utepe huo kwenye maonyesho ya chama. Utaulizwa maandishi: wa zamani walifanyaje, wewe umefanyaje, na pale ulipoacha njia yao, kwa nini? Kusema “nimetumia karata badala ya mbao kwa sababu nilikuwa nazo” ni jibu halali kabisa. Lisilo halali ni kunyamaza ili watu wadhani ni mbao. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linalotenganisha jambo hili na mavazi ya sherehe: mtu mwenye uzi wa pamba ya dukani anayesema wazi ni ya dukani amefanya kazi ya kihistoria kuliko mwenye sufu ghali asiyejua kwa nini ameichagua.

Kujifunza peke yako, hata hivyo, ni nusu tu ya dhana. Pennsic, mkutano wao mkubwa ulioanza 1972 na unaofanyika Pennsylvania, huvuta maelfu ya watu wakati wa kiangazi, na kando ya mapigano kuna mamia ya masomo yanayotolewa na wanachama wenyewe. Mwalimu halipwi. Ukitoa chochote, ni gharama ya uzi au ya karatasi. Anayefundisha kutengeneza wino asubuhi unaweza kumkuta mchana amekaa chini kama mwanafunzi, akihangaika na sindano.

Cheo cha juu katika upande huu ni Laureli, ambacho alama yake ni shada la majani ya mti wa jina hilo, na hadhi yake ni sawa na ya shujaa aliyevikwa cheo kwa upanga. Laureli anaweza kumchukua mwanagenzi, na kwa desturi mwanagenzi hujulikana kwa mkanda wa kijani. Ustadi peke yake haukufikishi hapo. Wanaojadili jina lako watauliza pia umemfundisha nani, na fundi hodari anayeficha siri ya rangi zake anaweza kungoja miaka mingi bila kuitwa.